Mwaka Niliojifunza Kungoja Zamu

Kaka Kibwana amezikwa, na mimi nimeshinda kwenye mkeka kule Magomeni ya Kilosa na wanawake ambao wengi wao hawanijui. Waliponiuliza uhusiano wangu na marehemu nilisema alikuwa kaka yangu, wakanipa pole, nami nikaipokea. Ningeanzaje kuwaeleza kwamba alikuwa kapteni wangu wa biliadi? Asubuhi, nikitoka stendi, nilikuwa nimepita kibanda chenye meza ya pool chini ya bati. Redio ilikuwa inapiga kelele, vijana wanabishana, bodaboda zinapita karibu kugusa fimbo, na yule mchezaji ameinama hana habari na yeyote. Nilisimama pale hata mmoja wao akaniamkia, "Shikamoo bibi. Umepotea njia?" "Marahaba, sijapotea. Namwangalia huyu." Wakacheka kwa adabu. Sikumwangalia anavyopiga. Nilimwangalia mwenzake aliyekaa kwenye kreti la soda akingoja zamu yake, maana kupiga hakujawahi kunishinda. Kilichokuwa kinanishinda mimi ni kungoja.

Ya nyumbani kwetu nitayaacha. Mwaka ninaousema nilikuwa kidato cha tatu, miaka michache baada ya Azimio la Arusha, ninaishi kwa Shangazi Mwantumu, mpishi wa kituo cha jamii. Kituo chenyewe zamani kilikuwa klabu ya wazungu wa mkonge. Picha zao zilibanduliwa, zikaacha miraba myeupe ukutani, na kwenye sakafu ya mbao ungeweza kuona walipokuwa wakisimama kunywa, mbao zimelika kama kizingiti. Katikati ya ukumbi ilibaki meza ya biliadi, nzito mno hakuna aliyejua pa kuipeleka. Kitambaa chake cha kijani kilikuwa kimechanika upande wa dirishani, na Rajabu fundi cherehani akakitia kiraka cha sketi ya shule, nayo haikuwa kijani ile. Gololi ikifika hapo ilipunguza mwendo kama mtu aliyeitwa jina. Kati ya ukumbi na jiko palikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula. Upande wa pili wa kidirisha hicho ndipo palipokuwa mahali pangu kila nikitoka shule: ungo wa maharage mapajani, nachambua mawe, na masikio yangu yako ukumbini.

Shuleni waliniita Hayupo. Mwalimu akiita majina, akifika Kidawa, darasa zima linajibu, "Hayupo!" na mimi nimekaa pale pale mbele yake. Sikuwa mtoro wala mjinga. Mwalimu akianza kueleza mto, mimi ninaondoka na mto huo, nafika kwenye daraja, nakumbuka mwanamke niliyemwona darajani akicheka peke yake, najiuliza alikuwa anacheka nini, na nikirudi darasani tumeshafika somo la hesabu. Hata shajara niliyokuwa naandika kwa siri mwaka ule, ambayo bado ninayo, imejaa sentensi zilizokatika katikati. "Leo nimeazimia kwamba kuanzia kesho nita." Basi, hapo hapo, na chini yake nimechora kuku. Siku hizi kuna jina la kidaktari la hali hii. Mjukuu wangu anayo, na mama yake alipokuja kunieleza kwa uso wa msiba nilicheka mpaka akakasirika. Sikuwa namcheka mtoto. Nilicheka kwa sababu niliishi na mgeni huyo miaka yote bila kutambulishwa.

Siku moja ukumbi ukiwa mtupu nilitoka jikoni kukusanya vikombe, nikaichukua fimbo iliyoegemezwa mezani, nikapiga gololi nyekundu. Ikaingia mfukoni. Nikaitoa, nikaipiga tena. Sijui nilipiga kwa muda gani, na hilo la kutojua ndilo lililonishangaza, kwa sababu kwa mara ya kwanza sikuwa nimekwenda popote. Nikiinama, dunia ilibaki na ukubwa wa kile kitambaa. Nilipoinua kichwa, Kaka Kibwana alikuwa mlangoni na kofia yake ya ukarani wa stesheni. Niliangusha fimbo. "Shikamoo kaka." "Marahaba. Piga tena." "Nilikuwa nakusanya vikombe." "Vikombe nimeviona. Piga tena." Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye timu, binti peke yake, mwenye haya kiasi kwamba miezi miwili ya kwanza nilizungumza zaidi na gololi kuliko na watu.

Lazima nieleze tulivyokuwa tunacheza, maana sidhani kuna mahali pengine walicheza hivyo. Katibu wa kituo hakuupenda mchezo ule. Alisema mtu mmoja kumshinda mtu mwenzake peke yake ni ubepari. "Na kushindwa peke yako, Ndugu Katibu, nako ni ubepari?" Rajabu alimuuliza, na watu wakapasuka kicheko. Katibu hakucheka. Akaamua meza itabaki kwa sharti kwamba tucheze kijamaa: watu watatu kwa watatu, kila upande fimbo moja, na ukishapiga, uingize usiingize, unampa mwenzako na kurudi kukaa mpaka zamu yako izunguke; zamu hizo tukaziita fimbo ya kwanza, ya pili na ya tatu. Gololi zilikuwa tatu: nyekundu moja ya wote, na nyeupe mbili, moja yenye doa jeusi na moja isiyo na doa. Kila upande una nyeupe yake, hiyo ndiyo unayoipiga ikaigonge na kuitumbukiza nyekundu. Ukipiga nyeupe ya wenzako umefanya kosa, na pointi ni zao. Sisi Kilosa tulikuwa na ile ya doa, doa ambalo Rajabu alilirudishia kwa wino kila lilipofutika.

Kwa mtu mwenye akili iliyotulia, huo ni utaratibu mzuri. Kwangu ulikuwa shimo. Ningeachwa nipige mfululizo, ningepiga mpaka adhana ya magharibi. Lakini nilikuwa napiga mara moja, kisha nakaa kwenye benchi nikitazama wengine watano, na huko kwenye benchi ndiko Hayupo alikokuwa ananivizia. Ikafika mechi na vijana wa shamba la mkonge. Nyuma ya benchi walikaa wanawake wawili wakila wali wa nazi wa shangazi, na mmoja akawa anasimulia harusi ya kule Berega. "Basi bwana harusi amefika, wazee wamekaa, bibi harusi hayupo. Tafuta chooni, tafuta ghalani." "Alikuwa wapi?" "Ngoja nimeze kwanza." Nikamngoja ameze. Kaka Kibwana akaniita, sikusikia. Akanigusa bega, nikasimama, nikachukua fimbo, nikainama na kupiga kipigo safi kabisa, na nyekundu ikaingia bila kugusa ukingo. Vijana wa mkonge wakaruka juu wakishangilia. Nilikuwa nimepiga ya kwao. "Bibie," Rajabu akaniambia, "ile ni ya wageni. Huu ukarimu umepitiliza." Tukashindwa. Na yule bibi harusi sikujua alikokuwa, kwa sababu wanawake wale nao walikuwa wameacha habari yao wakinicheka.

Kesho yake, kupitia kile kidirisha, nilisikia wanavyonijadili huku wakinywa chai. Walikuwa wamealikwa Mikumi kucheza na wafanyakazi wa mbugani. Peter, karani wa ofisi ya wilaya, ambaye alikuwa mchezaji wa wastani lakini yupo wakati wote, alisema bila chuki, "Mimi sisemi hajui. Anajua kutuzidi. Lakini hujui utampata yeye au utapata kivuli chake." Rajabu akasema mimi ni mtoto wa watu, nikiaibika ugenini nitalia. Nikasikia Kaka Kibwana anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Kisha akaniita kwa jina, maana alijua nipo. "Kidawa, umesikia?" "Nimesikia, kaka." "Tutakwenda wanne. Fimbo ya tatu unaanza nayo wewe. Ukipiga gololi ya watu tena, au nikikuita mara ya pili hujasimama, Peter anaichukua pale pale, na hapa Kilosa itakuwa ya Peter moja kwa moja. Umekubali?" Nikasema nimekubali. Shangazi alinitazama, akanisogezea ungo. "Basi chambua," akasema. Alikuwa hana njia nyingine ya kunituliza.

Nami nikachambua, kwa hasira, na wao wakarudi mezani. Ni wakati huo nilipogundua jambo. Mkono wangu unatafuta mawe, macho yangu yako kidirishani, na kila gololi najua ilipo. Alipokosa Rajabu nilijua amekosa kwa sababu ya kiraka. Aliposimama Peter nilijua atapiga ipi na itasimama wapi. Mchezo mzima sikuondoka. Nikajiambia, kumbe mwili ukipewa kazi ndogo, akili inakubali kukaa. Sikuwa na mtu wa kumuuliza kama ni kweli, ikabidi nijaribu mwenyewe. Ungo wa maharage usingewezekana ukumbini, nikachukua ukili, ule mkanda wa majani ya ukindu unaosukwa kwanza kabla ya kushonwa mkeka. Kaka Kibwana aliutazama. "Unataka kutandikia timu?" "Nikiwa nasuka nakuwepo, kaka." Akafikiri. "Suka. Macho mezani."

Nisidanganye, haikuwa rahisi hivyo. Wiki ya kwanza ukili wenyewe uliniiba. Nikikosea jani moja, nainama kulirekebisha na gololi zimehama. Nikajilazimisha kusuka bila kutazama, ukili ukawa mbaya kama mkia wa mbwa mgonjwa, shangazi akaukatalia kuingia nyumbani. Nikaongeza jambo la pili, kujisemea kwa mdomo bila sauti: yetu ya doa iko kwenye kiraka, yao katikati, nyekundu karibu na mfuko wa mlangoni. Kila pigo likipigwa najisemea upya. Siku nyingine niliweza robo ya mchezo, siku nyingine nilipotea tangu mwanzo na Peter akanibonyeza ubavu kwa kiwiko, si kwa kunionea, kwa kunizindua. Nilirudi kila siku. Kama kuna kitu nilikuwa nacho mwaka ule ni hicho cha kurudi. Shuleni nilikuwa nimekubali kuitwa Hayupo, lakini pale mezani sikukubali.

Jumamosi ya safari tulipanda treni ya asubuhi, shangazi ametufungia viazi na samaki wa kukaanga, Rajabu amevimaliza kabla ya nusu ya njia. Stesheni ya Mikumi tulipokewa na Bwana Lazaro, dereva wa mbugani na kapteni wao, mrefu, mpole, akatupakia nyuma ya gari lake hadi kantini ya wafanyakazi. Meza yao ilikuwa ya kampuni fulani ya barabara iliyoondoka, na kitambaa chake kilikuwa kizima, bila kiraka. Bwana Lazaro alikuwa anakipiga brashi kwa mkono wake kama mtu anayemchana mtoto. Wakatuwekea ugali na nyama ya mbuzi. Sikuweza kula. Katika kunawa mikono Bwana Lazaro akasema, "Kwetu mwenyeji anachukua yenye doa. Ninyi wageni mtapiga isiyo na doa." Siku zote zile nilikuwa nimejisemea doa, doa, doa. Kaka Kibwana alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa kwamba nimeelewa. Kisha nikatoa ukili wangu, na Bwana Lazaro akaja, akauliza ni nini, akasema kwa upole kabisa, "Hapana, binti. Vipande vyake vitaanguka kwenye kitambaa. Hiki nikikiharibu sina kingine." Hakuwa na kosa. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Nikaukunja ukili nikamkabidhi Peter, na mikono yangu ikabaki mitupu juu ya magoti.

Mchezo ukaanza. Nilichobaki nacho ni mdomo. Yetu ni isiyo na doa, iko upande wa ukutani. Yao katikati. Nyekundu mfuko wa kushoto. Zamu yangu ya kwanza nilisimama kabla sijaitwa, nikapiga, nikaingiza. Ya pili nikakosa, lakini gololi ilikuwa yetu. Nilipokaa nikasikia mnong'ono, kisha kijana mmoja wa Mikumi akasema kwa sauti, "Jamani, mnamwona yule binti midomo yake?" "Anasoma nini?" "Wametuletea mganga hawa!" Wengine wakacheka, wengine hawakucheka. Nchi hii mchezo ukishakuwa na mshindi haukosi kutafutiwa dawa, na tangu nikae pale, Mikumi walikuwa wamekosa mapigo mawili mepesi. Mzee aliyekuwa anahesabu pointi akaweka chaki chini. "Kapteni," akamwambia Kaka Kibwana, "huyo ananuizia nini gololi zetu?" Rajabu akaanza kubisha. Peter akajiweka sawa kwenye kiti, fimbo ikawa inamkaribia. Kaka Kibwana akanigeukia. "Kidawa, unasema nini hapo?" "Nasema gololi zilipo." "Basi sema kwa sauti, wasikie."

Mimi ambaye nikiombwa chumvi nilikuwa naificha sauti! Nilisimama. "Yetu iko kona ya mlangoni," nikasema. "Ya Mikumi iko nyuma ya nyekundu. Nyekundu iko katikati." Wakatazama meza. Wakanitazama. "Ndiyo dawa yenyewe hiyo?" mtu akauliza. "Ndiyo yenyewe," Kaka Kibwana akajibu, "hana nyingine." Kicheko kilichofuata kilikuwa cha namna nyingine, na Bwana Lazaro akasema, "Mwacheni. Tena aendelee kwa sauti, huku nyuma hawaoni meza." Nikaendelea. Mapigo machache ya mwanzo sauti ilikuwa inakatika, halafu ikatulia, na watu wa nyuma wakawa wananidai: "Binti, imefika wapi?" "Imegonga ukingo, inarudi, imesimama." Pointi zikawa zinakaribiana, tukapita, wakapita, hadi tukabaki nyuma kwa pigo moja tu, wao wakiwa wamebakiza moja kumaliza mchezo, na zamu ikawa yangu.

Ndipo mpishi wa kantini alipopiga yowe jikoni. "Jamani, kaingia tena! Sufuria yangu!" Tembo alikuwa amefika nyuma ya jengo na kupindua sufuria ya maharage ya jioni. Benchi zilianguka. Watu wote, wa Mikumi waliozoea na wa Kilosa tusiozoea, walikwenda madirishani: Rajabu, Peter na ukili wangu mkononi, mzee wa kuhesabu, hata Kaka Kibwana aliyekuwa anapakia watu kila siku treni za Mikumi na hajawahi kumwona tembo kwa macho. Nilisikia mabati yakilia, nikasikia pumzi nzito kama ya injini inayoachia mvuke. Kila kitu ndani yangu kilitaka kwenda. Sijapata kuitwa na kitu chochote maishani kama nilivyoitwa na dirisha lile. Lakini zamu ilikuwa yangu, na nilikuwa nimekubali mbele ya watu. "Yetu ni isiyo na doa," nikasema, ingawa hakukuwa na wa kusikia. "Iko kwenye ukingo. Nyekundu mdomoni mwa mfuko wa kulia. Yao mbali." Nikainama, nikapiga, nikasikia nyekundu ikianguka mfukoni.

Waliporudi wakifuta machozi ya kicheko nilikuwa nimesimama na fimbo. "Imeingia," nikasema. "Nini imeingia?" "Nyekundu. Ilikuwa zamu yangu." Mzee wa kuhesabu akasema hawezi kuandika asichokiona. Rajabu akasema basi asingekwenda kutazama tembo. "Na wewe je, ulikuwa wapi?" mzee akamuuliza. Bwana Lazaro akanyanyua mkono. "Irudiwe. Ila nani anakumbuka zilikuwa wapi?" Niliitoa nyekundu mfukoni, nikaziweka gololi zote tatu moja moja pale zilipokuwa, nikarudi nyuma. Bwana Lazaro akazunguka meza, akainama kutazama huku na huku, akawauliza watu wake kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyekuwa nalo. "Ndipo zilipokuwa," akasema.

Nikapiga mara ya pili, wote wakitazama, na nyekundu ikaenda, ikasimama mdomoni mwa mfuko, ikakaa hapo. Aliyefuata wa Mikumi aliigusa tu ikaanguka. Wakashinda. Walitushika mikono wote, na Bwana Lazaro aliushika wangu kwa mikono miwili, akasema nirudi siku nyingine nimsomee gololi zake.

Jioni kwenye treni nilikaa dirishani nikingoja hukumu. Hakuna aliyezungumza biliadi. Ilikuwa tembo, tembo, tembo. Rajabu alisema alikuwa na pembe moja, nyingine imevunjika. Peter alisema mbili, ameziona zote. Wakabishana hadi Rajabu akanigeukia. "Aamue Kidawa. Huyu leo hajakosa kitu. Bibie, pembe ngapi?" "Sijui," nikasema. "Sikumwona." "Hukumwonaje? Tembo! Alikuwa dirishani, anaweza kukusalimia!" "Ilikuwa zamu yangu." Rajabu alicheka mpaka akalala kwenye kiti. Peter hakucheka. Alinitazama kidogo, akanirudishia ukili wangu, akasema, "Kapteni, mimi Jumamosi sitakuja mapema. Nitakuja kama mtazamaji." Kaka Kibwana akavua kofia, akaiweka gotini. "Njoo mapema," akamwambia, "umsaidie Rajabu kutafuta kiraka cha rangi inayofanana. Fimbo ya tatu ina mwenyewe."

Nikageukia nje. Vichaka vilikuwa vinapita vikiingia giza, na mahali fulani humo ndani tembo wangu alikuwa anatembea na pembe zake moja au mbili, ameshiba maharage ya watu. Hapakuwa na zamu ya kungoja tena siku ile. Nikayaachia mawazo yangu, yakamfuata.